Ukiwa Tayari

Kaunas, Februari. Mto Nemunas umeganda kingoni,
na mimi, orofa ya tatu, nabadilisha vitufe.
Vitufe mia mbili na kumi na vinne,
vyote watoto wa kitufe mama kimoja,
na mtoto, wanasema, hutazama kisogo cha nina:
mama akivaa kijani, wote kijani,
mama akikunja pembe, wote wamekunja.

Sasa manispaa imetaka mama mpya.
Wa buluu. Mpole wa pembe, mnene kidogo,
ili kidole cha bibi anayetetemeka kisimkose.
Sina ubishi. Yule wa zamani alikuwa mwembamba kama kope.

Si kazi ngumu. Unachagua wote, unafungua maktaba,
unamgusa mpya, na kufumba na kufumbua
wa zamani hayupo, mpya amekaa palepale,
kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu
akajua bila kuuliza vijiko viko wapi.

Nikanywa chai. Nikapitia skrini moja moja,
maana Jurgita, mkuu wetu, haamini kufumba na kufumbua.
Kulipia maji: sawa. Nafasi ya chekechea: sawa.
Kibali cha mbwa: sawa, ingawa pamebana.
Ya mia na arobaini na saba, kusajili kifo.
Kitufe kinasema: Thibitisha.

Nikarudi nyuma hatua moja, kuona kilichokuwapo.
Kilikuwa kinasema: Ukiwa tayari.

Kwa Kilithuania ni maneno matatu, marefu,
yamekivuta kitufe hadi kikaribie ukingo.
Kosa la usanifu. Mtu aliliona, akaliacha.

Programu haina kinyongo. Hubeba maneno ya mkono
mradi tabaka liitwe jina moja kwa mama wote wawili.
Majina yakitofautiana, huyaacha maneno mlangoni
na kuingia na lile la kiwandani.
Kwa mama mpya tabaka linaitwa maandishi.
Kwa wa zamani liliitwa neno.
Vingine vyote vilisema Thibitisha tangu kuzaliwa;
havikupoteza kitu.
Hiki peke yake kilikuwa na la kwake.

Faili hukumbuka. Nikafungua kumbukumbu:
Gintautas, tarehe kumi na tisa Novemba,
saa nane na dakika sita usiku.
Badiliko moja tu. Kisha akafunga.
Simjui. Kiti changu kilikuwa chake; droo bado ina
kamba ya kiatu na peremende za kikohozi.
Nikamuuliza Vaidotas, aliyekuwapo.
"Novemba?" Akamenya chungwa lake hadi mwisho.
"Novemba ile alikuwa kwenye likizo ya msiba.
Hakutakiwa hata kufungua kompyuta."

Basi alikaa mbele ya fomu hii, na si kama fundi.
Jina kamili la marehemu. Tarehe. Uhusiano wako naye.
Na chini kabisa, kitufe alichokichora mwenyewe,
chembamba, kikimwamuru athibitishe.

Nikamfungua mama mpya. Nikafuta maandishi.
Nikaandika neno.
Nikabadilisha tena, vyote mia mbili na kumi na vinne,
na kwenye ile ya mia na arobaini na saba
rangi ikageuka, pembe zikalainika, unene ukaja,
na ndani, bila herufi hata moja kutikisika,
Ukiwa tayari.

Alasiri Jurgita ameniachia alama nyekundu:
jina la tabaka halifuati kanuni. Sababu?
Nimeandika aya nzima. Nimeifuta.
Nimeandika: lina mtu ndani.
Nimefuta na hiyo.
Mwishowe: Najua. Liache.

Hajajibu. Ila namwona, mshale wake wenye jina
umeingia skrini ya mia na arobaini na saba,
umeshuka taratibu, jina, tarehe, uhusiano,
umesimama juu ya kitufe.
Haubofyi.